Feni Isiyogeuza Shingo

Tuliinunua kwa fundi wa Barabara ya Nane,
elfu kumi na nane, na mchana mzima wa kubishana.
Semboja akaifunga kwenye usukani kwa mpira wa tairi bovu,
mimi nikakaa nyuma, miguu upande mmoja,
na Makorora nzima ikatuona tukipita na upepo wetu
ambao ulikuwa haujaanza kuvuma.

Mvua za vuli zilikuwa zimekatika juzi tu.
Joto likahamia kwetu bila hodi,
likakaa juu ya bati, likakunja nne.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Ya tatu ilifika. Jembe hatuna.

Tukaichomeka.
Ikakohoa, ikatema vumbi la nyumba ya watu wengine,
ikazunguka.
Shingo ndiyo haikugeuka.
Ilitazama upande wa dirisha tu, kama mtu aliyenuna,
na fundi alijua: alipokuwa akiijaribu dukani
aliizungusha kwa kiganja, polepole,
huku akitusimulia habari za mkwewe.

Basi kitanda chetu sasa kina pwani na bara.
Aliyeosha vyombo, pwani.
Aliyechota maji kwa Mama Mkasi, pwani.
Aliyesahau chumvi kwenye maharage
bara, siku mbili, na asinung'unike.

Jana tuligombea kwa machungwa ya Muheza:
atakayemenya ganda refu lisikatike.
Langu lilishuka likapita goti, likagusa kandambili.
Lake lilikatika njiani
kwa sababu, alisema, alikuwa ananitazama mimi.
Nikalala pwani.
Sikumwamini, na nilifurahi.

Yeye hurudi saa kumi na moja na harufu ya maziwa ya kiwandani,
mimi na chaki kwenye nyusi.
Tuna jiko la mchina lenye utambi mmoja mkaidi.
Tuna vikombe vitatu, cha tatu ni cha mgeni;
wakija wageni wawili
mmoja wetu husema hana kiu.

Usiku wa kuamkia Jumamosi umeme ukakatika.
Mapanga yakapunguza mwendo, yakachoka, yakasimama,
nikayahesabu kwa tochi ya simu: matatu.
Wiki mbili nalala mbele yake
sikujua kama ni matatu.
Pwani na bara zikawa nchi moja, jasho moja.

Tukatoa mkeka uani.
Nyuma ya ukuta mtu alicheka peke yake, akanyamaza.
Semboja akachukua daftari la juu kwenye rundo langu,
la Zumbe wa darasa la pili,
yule ambaye herufi zake zote zimelala kama zimekula ubwabwa,
akaanza kunipepea.
Taratibu, nikamwambia, hilo sijalisahihisha.
Akalifungua, akasoma kwa sauti ya mkaguzi:
*Mama anapika. Baba anapika. Paka anangoja.*
Tukanyamaza kidogo.
Weka vema, akasema.
Kalamu ilikuwa ndani.
Nikaiweka kwa kidole, kwenye kifua chake,
mkia mrefu hadi begani.

Sijui alipepea mpaka saa ngapi.
Najua kila mkono wake ulipolala
ulishtuka, ukaendelea,
kama muumini anayesinzia darasani msikitini
na bado anaitikia.

Saa nane umeme ukarudi.
Tukaisikia feni chumbani: ikakohoa, ikajikaza,
ikaanza kupepea kitanda kitupu
upande ule ule mmoja.
Uniti zinakwisha, nikasema.
Zinakwisha kweli, akasema.
Nenda wewe.
Nani aliosha vyombo?
Wewe.
Basi nenda wewe.
Daftari lilikuwa usoni mwake, nami mguu wangu juu ya mguu wake,
na hakuna aliyeinuka.