Weka Sikio Hapa

Kyakimwa aliileta ndani ya kitenge,
imefungwa kama mtoto wa siku tatu,
akaiweka mezani pangu, Birere,
kati ya chaja zilizokatika na simu zisizo na vioo.
"Ni ya baba. Haiwaki. Viwanja vyote viko mle."

Nikauliza diski yake ni ya aina gani,
ile inayozunguka, au ile ya chipu, isiyo na mwendo?
Akanitazama kana kwamba nimemuuliza
jiwe hili ni la ukoo gani.

Kibandiko cha chini kilishafutika,
magoti ya mzee yalikisugua miaka kumi na mmoja.
Ingewaka, ningefungua orodha ya vifaa,
diski ingejitaja yenyewe, jina na namba,
mizunguko elfu tano na mia nne kwa dakika.
Lakini mfu haitiki salamu.

Basi nikashika njia ya vipofu.
Nikaipima kiganjani: nzito, upande wa kushoto.
Ilichukua muda gani kuamka?
"Baba anaiwasha, anaenda kuchota maji,
anarudi, ananyoa ndevu."
Na usiku, ilikuwa na sauti?

Hapo akafumba macho.
"Iko nayo. Kama nyuki ndani ya debe.
Halafu tik, tik-tik,
kama mtu anatafuta ufunguo mfukoni gizani.
Tulilala chumba kimoja, watu sita.
Ikinyamaza, tunajua baba amemaliza kupima ardhi ya watu."

Paluku, mwanafunzi wangu, alikuwa ameshika bisibisi.
Nikamwambia: ngoja. Mama amekwisha kuifungua.

Ni ya kuzunguka.
Sahani nyororo kama ziwa kabla ya upepo,
na juu yake sindano inayoelea bila kugusa,
chini yake hata chembe ya moshi haipiti.
Ile ya chipu ukiiangusha hainung'uniki,
ila siku yake ikifika inakufa bila kuaga.
Hii hulalamika kwanza. Hii ni mtu mzima.

"Usiku ule mlima ulipopasuka, ilifikaje Sake?"
"Kwa chukudu. Juu ya magodoro, chini ya sufuria."

Chukudu! Gurudumu la mti
juu ya mawe yaliyowahi kuwa moto.
Nikameza mate.
"Ilikuwa inawaka, au imelala?"

"Aliizima kwanza. Nyumba inatetemeka,
sisi mlangoni tunalia, mbingu nyekundu,
yeye amekaa, anangoja izime polepole, kwa adabu.
Tulimtukana, fundi.
Mimi mwenyewe nilimtukana."

Nikamweleza: ikizimwa kwa adabu
sindano inajiondoa, inaenda kulala kando.
Hata ikirushwa njia nzima, haina cha kukwaruza.
Hakunijibu. Alikuwa anakunja kitenge,
anakikunjua, anakikunja.

Umeme ulirudi saa nane kasoro.
Nikaitoa diski, nikaiunga kwa waya kwenye mashine yangu,
nikamwambia: weka sikio hapa.

Nyuki.
Kisha kimya, kirefu kupita kiasi,
Paluku akaanza kuhesabu kwa midomo.
Kisha tik.
Tik-tik.

Viwanja tulivitafuta baadaye:
mipaka, migomba, majina ya majirani,
vyote sasa viko chini ya lava.
Kwanza alibaki vile, ameinama,
shavu juu ya meza yenye mafuta,
na Paluku mlangoni akiwaambia wateja
tumefunga kidogo, rudini jioni.