Moto Usio na Jivu

Niliitwa kwa sababu ya pampu.
Mimi fundi friji, Kiboriloni, kibanda cha bati la kijani,
sikuwahi kuulizwa na mtu habari za utupu.
Aikande Mshanga alikuja na daftari lililolowa mvua ya Aprili,
akasema anataka mrija wa kioo unyonywe hewa
isibaki hata ya kumtosha sisimizi kupiga chafya.

Tukaing'oa kompresa ya friji la marehemu baba yake,
lililotunza maziwa yake na sindano zake za sukari.
Arigoni, nusu mtungi, tulikopa kwa mchomea mageti.
Leza sijui aliitoa wapi. Sikuuliza.
Gereji ya nyumba yao, Pasua, mlango umefungwa kwa kamba.

Ikapiga: tak,
kama ukucha ukigonga sufuria,
na katikati ya mrija, pale palipokuwa hapana kitu,
cheche ya zambarau, punje moja ya ulezi.
Nilishangilia.
Nilipofumba mdomo ilikuwa imeshakufa.

Hakuinua hata kichwa.
"Hiyo imezaliwa tu, fundi.
Atomu zimenyang'anywa elektroni,
kila moja inataka irudishiwe yake.
Ukizubaa zinapatana,
na mapatano yao ndiyo giza."

Vitabuni wanaiita utegili, chuoni kwao plazma.
Mimi nilikuwa nikisema kile kidude.

Basi tukauviringishia mrija bomba la shaba,
mizunguko mitano, maji yakipita ndani lisiungue,
tukaliunga kwenye mtambo wa redio:
wimbi lile lile, au binamu yake,
lililoleta salamu jikoni kwetu
kutoka kwa fulani wa Sanya Juu kwenda kwa mpwa wake Usangi
na wengine wote wanaonifahamu.
Sasa halina salamu.
Linasukuma elektroni huku, linazivuta kule,
mara milioni kumi na tatu na ushei kwa sekunde,
zisipate nafasi ya kurudi kwao.

Usiku wa nne. Vidole vyangu kwenye kapasita,
mshale wa nguvu inayorudi unatetemeka.
Nikazungusha kama nilivyomtafutia babu stesheni,
unywele mmoja kulia,
nusu unywele kushoto,
pumzi nimeibana.
Tak.
Na haikufa.
Ilinenepa, ikajaza mrija, rangi ya ua la mjakaranda
lililolala barabarani usiku kucha,
bila kuni, bila mafuta, bila kunuka chochote.
Moto usio na moshi, nikasema, humu Moshi!
Aikande akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.
Leza imewasha, akasema. Sasa ni kulea.

Mama yangu, kule Uru, hakumaliza viberiti viwili kwa mwaka.
Kila usiku alifukia kaa jivuni,
alfajiri akalifukua, akalipuliza, likamjua.
Nilitaka kumwambia Aikande hilo,
kwamba upo moto unaoweza kuuacha ukaenda kulala.
Nilikuwa nimeshafungua mdomo
umeme ulipokatika.
Pasua yote. Majengo yote.

Niliushika mrija: vuguvugu, basi.
Hakuna kaa la kufukia, hakuna jivu la kufukulia.
Moto huu hauna jana.
Unalishwa sasa, na sasa, na sasa,
au haupo.

Tukakaa. Jenereta la baa ya jirani likaanza kukohoa.
"Dakika kumi na moja," akasema,
nikasikia kalamu yake ikiandika gizani, nje ya mistari.
Nami, niliyekula maisha yangu yote kwa kuondoa joto
ili maziwa ya watu yasiharibike,
nikaanza kuhesabu kichwani
betri ngapi za lori,
na nani Kiboriloni bado simdaiwi
ambaye angekubali kutukopesha.