Njiti Zilizolala Majini

Kwa sonara wa Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo,
mizani ina taa na namba nyekundu.
Pete ya marehemu mama: mbili nukta tatu moja.
Baba hakuitazama namba.
Alitazama vidole vya sonara
kama mtu anayetazama karata zikichanganywa.

"Una kiberiti?" akaniuliza.

Huko Chunya, mama hajaolewa bado,
njiti moja ilikuwa pointi moja,
njiti kumi gramu, na gramu
ilikuwa kanga, chumvi, na pombe mpaka majogoo.
Bati jipya liling'aa kila Jumatatu.
Palikuwa na fundi saa. Palikuwa na mpiga picha
mwenye pazia lililochorwa ziwa na bata wawili.
Palikuwa na duka la Vrajlal
lililouza hata kiatu cha mguu mmoja
kwa aliyeuacha wa pili shimoni.

Kisha mwamba ukanyamaza.
Mashimo yakajaa maji, vyura wakakabidhiwa funguo.
Mji ule haukufa, ulifungwa mizigo:
bati moja moja, likapanda lori.
Mlango wa Vrajlal uko Mbagala Kizuiani,
nimeuona, na komeo lake lile lile;
nyuma yake wanakaanga chipsi.
Cherehani ya Bi Tusajigwe iko Tandika,
inashona sare za shule.
Na baba yuko Temeke, chumba cha uani,
na kikohozi tunachokiita cha mgodi.

"Umeibiwa," akasema tulipotoka.
Unajuaje, baba?
Akasimama katikati ya njia,
msukuma mkokoteni akimfokea, machungwa yakidondoka.
"Mimi sikuchimba hata siku moja. Nilikuwa mnunuzi.
Njiti za kununulia nilizilaza majini,
alfajiri nazifuta kwa shati, nzito.
Za kuuzia nilizianika juu ya bati."
Akaokota chungwa, akamrudishia mwenyewe.

Njia nzima nilipiga hesabu:
ada yangu ya darasa la nne,
kitanda cha chuma,
pete.
Tone kwa tone.

Usiku umeme ukakatika.
Nikapapasa kiberiti tulichonunua mchana.
Njiti ya kwanza haikuwaka.
Ya pili ikaacha ukungu kidoleni.
"Ni joto la Dar," nikasema, "kila kitu kinatoka jasho."

Gizani, upande wa kitanda,
nilisikia bakuli la maji
likisukumwa taratibu uvunguni.