Vidole Kumi na Kimoja

Bi Drusilla alilipangusa vumbi kila Jumamosi
miaka arobaini na mmoja,
kitambaa kikipita juu ya mtambo, juu ya kasiba,
kama anayemfuta mtoto kamasi.
Gobore la kuwindia sili, linalonipita kimo,
limetundikwa juu ya kochi la jikoni
hatua tatu kutoka kwenye jiko la kuni.

"Ni tupu," alisema. "Azariah hakuwa mzembe."
Sikumjibu. Kazi yangu ina aya moja tu:
kila mtutu umeshiba
mpaka uape wenyewe kwamba una njaa.

Nikalitoa nje, mdomo ukitazama bahari,
theluji ya Aprili ikinifika magotini.
Kiko cha jirani Garland nikakizima kwanza,
mwenyewe nikamrudisha nyuma ya banda.
Nikauingiza mdeki taratibu, nimesimama ubavuni
(mbele ya mdomo wa gobore hata salamu haipiti),
ukagota. Nikautia alama ya chaki,
nikauchomoa, nikaulaza juu ya kasiba.

Ulipungua vidole kumi na kimoja.

Huku Nyufaundlandi tunashindilia kwa kuhesabu vidole:
vinane ni bata, kumi ni sili,
kumi na kimoja ni mtu mwenye deni dukani.
Azariah alishindilia Machi, akingoja barafu isogee;
homa ya mapafu ikamwahi yeye.

Drusilla akaketi ghafla juu ya pipa la chumvi.
"Nimelala chini yake," alisema.
"Selby nimemzalia chini yake."

Fataki ilikuwa bado imekaa mahali pake, kijani kwa kutu ya shaba.
Sikuigusa kavu. Niliinywesha mafuta,
nikasubiri mpaka chai yangu ikapoa,
kisha kwa kidole gumba nikauinua mtambo,
nikaushika kama anayeshika shingo ya nyoka,
na kijiti cha msonobari kikaing'oa.
Ikaanguka thelujini. Haikusema neno.

Usidhani baruti huzeeka.
Sisi huota mvi; yenyewe hukaa gizani
ikikumbuka agizo lile lile.
Usiichokoze kwa moto wala kwa nyundo,
wala usimsikilize mjuaji wa mtaa
anayesema tuifyatue tu, tuone.
Maji, basi. Maji na subira.
Kwa faneli na mpira nikaijaza kasiba pomoni,
kwa tundu la nyuma nikadondoshea mengine kwa bomba la sindano,
nikalifunga gobore wima kwenye nguzo ya banda
siku mbili, mlango umekomewa.

Siku ya tatu nikafunga kizibuo kwenye ncha ya mdeki,
meno mawili yaliyosokotana kama mkia wa nguruwe.
Zungusha, vuta. Zungusha.
Kichwa pembeni, bega pembeni, mdeki nimeushika kwa vidole viwili,
nisije nikapoteza vyote vitano.
Likatoka fundo la katani yenye lami.
Marisau yakafuata, yakimwagika beseni kama choroko.
Kisha fundo la pili, kisha uji mweusi
unaonuka yai viza.
Nikaushusha mdeki tena: chuma juu ya chuma, ngo!

Lakini fundo la pili halikuwa katani.
Nikalikunjua kiganjani, linachuruzika:
flaneli nyekundu, pindo la mshono wa msalaba.

Drusilla akalichukua, akaligeuza upande wa nyuma
kutazama mafundo ya uzi.
"Sketi yangu ya ndani," alisema.
"Ile niliyomwapia Tryphena kwamba kaiba yeye."

Tryphena ni dada yake. Amezikwa ng'ambo ya ghuba.
Hawakusemezana majira ya barafu kumi na tisa.

Uji wa baruti niliumwaga baharini.
Gobore nililikausha, nikalipaka mafuta,
nikalirudisha kwenye misumari yake, mtambo umelala.

Jumamosi iliyofuata nilipita karibu na dirisha.
Kambani nje palikuwa na kitambaa kimoja, chekundu,
kimefuliwa, kimebanwa kwa vibanio viwili.
Yeye alisimama chini ya gobore, hapangusi,
midomo inamwenda.