Tarakimu ya Sita

Niliiandika usiku, Ndosho, betri ikiwa asilimia kumi na moja:
mstari mmoja wa ruwaza,
kofia mwanzoni, alama ya dola mwishoni,
katikati mlango wa mabano.
Uje na mia mbili arobaini na tatu, au uje na sufuri,
kisha nane au tisa,
kisha tarakimu nane zingine. Zisizidi. Zisipungue.

Kofia husema: mbele yangu hakuna kitu.
Dola husema: nyuma yangu pia.
Hapa Goma dola iliyochanika ukucha tu hurudishwa,
na hii yangu haikuwa na huruma zaidi.

Asubuhi foleni ilifika kwenye mawe meusi ya barabara.
Kahambu mezani, mimi nyuma yake nimeshika waya.
Ruwaza ikakataa nafasi kati ya namba.
Ikakataa herufi O ya mzee Bwiruka, aliyeapa kuwa ni sufuri.
Ikakataa mia mbili hamsini ya ng'ambo ya mpaka,
kana kwamba haijui Birere,
ambako mtu hulala huku na simu yake ikalala kule.
Nikarekebisha. Nikarekebisha tena.

Kisha Mama Nsimire akafungua fundo la kitenge:
kipande cha daftari, kimelowa mvua ya Minova.
Namba ya Asifiwe, bintiye,
waliyepotezana siku ya kukimbia.
Nane zinasomeka. Ya sita ni doa la bluu.

Nyekundu: haitoshi.
Kahambu akatia sufuri penye doa. Kijani.
Akatia moja. Kijani.
Mbili, tatu, akaenda hadi tisa,
kijani tupu,
ndiyo mara kumi kwa mtoto mmoja.

Nikaona nilichojenga:
bawabu anayekagua viatu,
uso hautazami.

Basi tukapiga.
Sufuri: haipatikani.
Moja: fundi wa Uvira, akauliza kama tunauza saruji.
Mbili: mtu wa Butembo, tumemwamsha, akatutukana kwa Kinande,
Kahambu akamwomba radhi kwa Kinande hichohicho.
Tatu: iliita, iliita.
Nne: mtoto alipumua tu kwenye simu,
halafu unite zikakatika.

Foleni ikaguna. Mama Nsimire hakugeuka.
Akatoa franga mia tano, akainyoosha juu ya paja.
"Nunueni zingine, zimebaki namba tano.
Na ile ya tatu mnirudilie.
Asifiwe hapokei simu akiwa anasonga bugali."