Moja kwa Sita

Fundi Lugalia aliniuliza uwiano.
Moja kwa tatu, akasema, ndiyo ya watu wanaojali;
hapo hata mzizi wa mkaratusi utagonga urudi.
Nilikuwa na mifuko miwili ya saruji,
mmoja wa deni dukani Mbale,
na macho makavu kama mchanga aliouchekecha.

Siku nne nyuma mchungaji alisimama kando ya shimo
akatuambia Agufana amelala tu, ataamka.
Watu wakasema amina. Mimi nikahesabu:
futi sita za udongo mwekundu,
mawe waliyoyavunja vijana kwa nyundo kutwa nzima
(Maragoli huchimbi kaburi, unalichonga),
na sasa zege juu yake.
Ataamka apitie wapi?

Sikumwambia mtu. Mke wa shemasi hasemi hayo.
Nilipika chai ya matanga, nikaimba sauti ya pili,
na usiku nikageukia upande wake wa godoro,
pale palipobonyea kwa miaka,
nikatia mkono kwenye bonde lile kama Tomaso.
Sikugusa jeraha. Sikugusa mtu.

Basi sijui ni nani aliyenijibia kinywani
nilipomwambia fundi, "Weka moja kwa sita."
"Mama, itapasuka."
"Ipasuke. Huyu ana safari."

Alinitazama. Akadhani ni uhaba wa pesa,
na kweli pesa hazikuwepo, sitajitukuza.
Lakini neno lilikwisha kutoka,
nami nikasimama na sepetu mkononi
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni.

Jioni, zege halijashika, kuku wa Kageha
alikatiza juu ya kaburi, toka kichwani hadi miguuni,
akaacha nyayo.
Fundi alitaka kuzifuta. Nikakataa.

Leo ni Pasaka. Mvua imenyesha tangu jogoo la kwanza.
Nimekwenda gizagiza, kanga kichwani, kikombe cha chai mkononi.
Malaika sikumkuta.
Nimekuta nyayo za kuku zimejaa maji,
na upande wa kichwa, ufa
mwembamba kama uzi wa kushonea,
na katika ufa huo kumbikumbi
wakitoka, mmoja, mmoja, halafu wengi,
mabawa yamelowa, yakinyooka,
wakiuacha udongo bila kuuaga.

Sikuwaita watoto walete karai.

Fundi Lugalia amepita njiani, ameona.
"Mama Rasoa, si nilikuambia?"
"Uliniambia."
"Nije nizibe?"
Nimekunywa chai yangu kwanza. Imepoa.
"Acha," nimemwambia. "Acha hivyo hivyo."