Dakika ya Kumi na Tisa

Kinasa sauti tulikinunua Kibuye, Jumapili, kwa mia nane,
kwa mtu aliyeapa kwamba kilitoka kanisani
na hakijawahi kusikia uongo.
Waya wake ulikuwa umeguguniwa na panya, karibu na shingo.
Mideva akaufunga kwa plasta ya kidonda,
akasema: mgonjwa atapona, ila asicheke kwa nguvu.

Studio ni chumba changu hapa Mbale, nyuma ya soko.
Trei za mayai ukutani, thelathini na moja,
za bure, kutoka kwa muuza chipsi;
moja bado ina unyoya.
Godoro tunalisimamisha mlangoni,
mgeni anakalia mbao za kitanda na gunia,
kisha blanketi moja, watu watatu, kichwa hadi magoti,
simu katikati yetu kama jiko.
Usiku wa manane, bando zikishuka bei,
tunakipandisha kipindi polepole
kama mtu anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi
mlima wa Chavakali.

Wasikilizaji ni arobaini na watatu.
Mmoja analinda ghala Doha, hutuandikia: endeleeni.
Mmoja ni mimi.

Na ukutani, upande wa pili, kinu cha Amugune.
Kikianza, hata mawazo yanatikisika.
Nilikwenda kumwomba. Alikuwa na unga hadi kwenye nyusi.
"Sasa mnataka niuze nini? Kimya?"
Nikamwambia hata hicho hatuna pesa ya kukinunua.
Akachota hewa kwa gorogoro,
akapitisha kiganja juu yake, kuisawazisha,
akanimiminia mikononi.
"Nusu saa. Jumanne, saa tisa.
Ikizidi hapo, mahindi ya watu yatanilaani."

Mideva akaandika kwenye daftari la matumizi:
plasta, shilingi kumi.
Kimya, gorogoro moja.

Jumanne iliyopita akaja Logedi, mvunja kokoto,
na nyundo yake, ambayo alikataa kuiacha nje.
"Sauti yangu mnainunua kwa debe au kwa toroli?"
Tukatazamana.
Tukatoa mia mbili, pesa ya bando, yote iliyokuwepo.
Akaiweka kiganjani mwa mwanawe Kisia,
akamnong'oneza, akamgeuza mabega kuelekea njiani,
ndipo akaingia chini ya blanketi.

Akatueleza jinsi jiwe linavyochaguliwa:
unaligonga, unatega sikio,
lenye ufa hujibu kama chungu.
Akatueleza habari za vumbi, za kucha,
za malori yanayolipa kesho.
Nilikuwa nimesahau kutazama saa.
"Siku ile mume wangu aliponiambia," akasema,

na kinu kikanguruma.

Nikalisukuma godoro, nikatoka mbio.
Amugune hata hakugeuka, alinyoosha kidole tu:
Kisia, miguu mitupu, mfuko wazi mikononi,
anautazama unga ukishuka, wa moto bado.
"Ningemwambia nini huyu? Asubiri redio?"

Niliporudi, Logedi alikuwa hajanyamaza.
Midomo yake ilikuwa inamalizia kitu,
bila haraka, ndani ya ule mngurumo.
Nikamwomba arudie.
"Nimeshasema," akajibu, akaichukua nyundo yake.
Mideva alisikia. Walikuwa bega kwa bega.
Mpaka leo nikimwuliza, anakunja waya.

Hatukukata.
Kwa hiyo wewe, popote ulipo, masikioni umejiziba,
ukifika dakika ya kumi na tisa usipunguze sauti,
usiipige simu yako ukidhani imeharibika.
Hizo ni mia mbili zetu zinasagwa.
Zinachukua dakika saba.
Nyumbani kwa Logedi wanakula watu watano.